Skii Hazinenepi

Ndoto yangu ya jana usiku ilianza kwa hodi, na aliyebisha alikuwa drili.

Sisemi drili fulani. Nasema drili ile ile, mashine ya kutobolea mbao, ya jirani yetu wa chini, Bi Ragnhild, aliyoniazima mchana nikaiacha mezani kando ya cherehani. Sasa amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala, waya wake kaukunja vizuri mkononi kama mtu aliyebeba mkoba.

Nitaeleza kwanza yaliyotangulia, maana ndoto haiji bure.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona miaka mingi Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, na sasa nashona huku Norwei nilikomfuata mume wangu, Mbarouk. Huku theluji ikishuka watu hawajifungii ndani kama watu wenye akili zao. Wanavaa miguuni mbao mbili ndefu, wanaziita skii, wanapanda nazo mlimani ili wapate kuporomoka. Kila Jumapili Mbarouk huenda nao, nami hubaki na cherehani. Jioni anarudi pua inamchuruzika na macho yanang'aa, anasimulia nani kaanguka vipi, anacheka mpaka anashika mbavu, na mimi namsaidia kucheka. Kicheko cha kusaidia kinachosha, jamani. Baridi hii nikasema basi, Jumapili hii na mimi nimo.

Skii nilizipata duka la mitumba, nyeupe, hazijawahi kutobolewa, pamoja na viatu vyake vigumu vya plastiki. Zilikuwa zimekosa vifungio tu, yaani vile vyuma vinavyokishika kiatu, kimoja mbele kwenye ncha na kimoja nyuma kwenye kisigino, na ambavyo mtu akianguka sharti vikiachie, la sivyo mguu unavunjika. Vifungio tulinunua vipya. Vilikuwa bado ndani ya boksi lao, limepigwa pini za chuma kila upande.

"Bibie, tuwapelekee wa dukani wakutobolee," alisema Mbarouk.

"Wa dukani wana mikono mingapi?"

"Miwili."

"Na mimi?"

Akaenda kuchemsha chai.

Lakini moyoni niliogopa, sitaficha. Nguo ukikosea unafumua, unashona upya, mwenye nguo hajui. Tundu la skii halifumuliwi. Nikikosea, skii ndiyo basi, na Jumapili ndiyo basi, nami nitakaa baridi nzima nikimsaidia mtu kucheka. Kwa hiyo nilipima kwa makini. Kiatu kilikuwa kimepigwa namba ya urefu wake kisiginoni, ila sisi mafundi cherehani hatuamini namba iliyoandikwa na mtu mwingine. Nikapima mwenyewe kwa tepu yangu, nikaitandika juu ya skii karatasi ya mchoro wa matundu aliyoichapisha Mbarouk kazini kwake, nikachora mistari kwa chaki ya bluu. Nilikuwa tayari kutoboa, Bi Ragnhild akanizuia.

"Usitoboe jioni," alisema. "Toboa asubuhi, umelala na umeshiba."

Bibi yule ameteleza thelujini tangu hajaota meno. Nikamtii, nikaenda kulala na subana yangu kidoleni, ile kofia ndogo ya shaba ya kuikinga ncha ya kidole na sindano. Mara nyingi nasahau kuivua.

Basi, drili akabisha.

"Shikamoo," nikamwambia, kwa kuwa alionekana mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Nimelala."

"Umeshiba?"

"Nilikula wali na samaki."

"Haya, twende kazini. Ila nifunge kilemba kwanza."

"Kilemba cha nini tena usiku huu?"

"Mimi sijui kusimama," akasema, bila aibu yoyote. "Nikianza kuingia, naingia moja kwa moja. Nifunge kitepe hapa shingoni. Kilemba kikigusa ubao, nitajua nimefika."

Nikatazama huku na huku, kitepe sikukiona, nikamwambia twende hivyo hivyo. Haraka haraka haina baraka, na ndotoni haina hata adabu. Drili akainama, akaingia kwenye ubao, akaendelea. Akapita skii, akapita meza, akapita sakafu, akatokea kwenye dari ya Bi Ragnhild. Nikachungulia tunduni. Bi Ragnhild yuko mezani anakula mkate na jibini. Anainua macho.

"Nilisema asubuhi," ananiambia, kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka, na anaendelea kutafuna.

Tundu linapanuka, nami natumbukia.

Naangukia Barabara ya Kumi na Mbili, mbele ya duka langu la zamani. Theluji inashuka. Hakuna anayeshangaa. Muuza kahawa anaikinga kwa birika. Mama mmoja anaipima kwa kibaba na kuwauzia watu, na mteja wake analalamika kwamba ya jana ilikuwa nyeupe zaidi. Upepo wa baharini upo vile vile na joto lipo vile vile, na theluji haiyeyuki, kwa sababu, ananieleza muuza kahawa, haijaambiwa.

Kwenye benchi langu la wateja wamekaa skii wawili. Wamejitanda kanga doti moja, wamegeuziana migongo.

"Mimi ndiye wa kulia," anasema mmoja.

"Wewe! Tumetoka kiwandani pamoja, wa kulia umekuwa lini?"

"Jamani, msigombane," nasema. "Nyinyi ni pacha."

"Bibi fundi kafika!" wanaitikia pamoja, na ugomvi umekwisha. "Tunaolewa leo. Tupime."

Kumbe ni harusi. Mtaa mzima unajua isipokuwa mimi. Wamama wametoka na matarumbeta yamekwisha kohoa. Skii wanafunua kanga kidogo, kwa staha, wananionyesha kila mmoja kijistari katikati ya mwili wake.

"Hiki ndicho kitovu chetu," wanasema. "Na bwana harusi ana kitovu chake ubavuni. Kitovu kikae juu ya kitovu. Zaidi ya hapo hatuna sharti."

Wanakuja mabwana harusi. Ni viatu vyangu, vile vigumu vya plastiki, vinatembea kwa kisigino kwanza, ko, ko, ko, kama wazee waliokalia miguu ikafa ganzi. Vinapanda juu ya skii, vinasimama kwenye mistari yangu ya chaki. Wamama wanavuta pumzi tayari kwa vigelegele.

Kiatu cha kwanza kinasogea mbele, kinasogea nyuma. Kinacheza.

"Bibi fundi," kinasema kwa upole, "huku nyuma kuna nafasi."

Vigelegele vimebaki vinywani. Wamama wamesimama midomo wazi, ndimi zimetokeza, wanangoja.

"Nafasi ipi?" nauliza.

"Vidole viwili hivi. Anaweza kukaa mtu mwingine."

Skii ananigeukia. Hana macho, lakini ananitazama. "Bibi fundi, umeniachia akiba?"

Hapo ndipo nilipohisi jasho. Kila gauni nililoshona maishani nimeliachia akiba ndani ya mshono, kitambaa cha vidole viwili, kwa sababu bibi harusi wa leo si yeye wa mwakani. Atazaa, atanenepa, ataniletea nilipanue, naye atanishukuru. Mkono wangu umezoea. Hauniulizi.

"Nimekuachia," nakiri. "Ili ukinenepa..."

"Mimi ni ubao," anasema skii.

"Ndiyo."

"Sinenepi."

Mtaa mzima unaguna. Mama wa kibaba anatikisa kichwa na kusema maskini, mkono wenye huruma huo. Muuza kahawa anasema huruma nyingine ni hasara. Nami nasimama katikati ya theluji ya Tanga, nimevaa gauni la kulalia, nikitamani ardhi ipasuke tena.

"Tundu limekwisha tobolewa?" inauliza sauti nzito.

Ni boksi. Boksi la vifungio liko juu ya meza yangu ya kukatia, pini zote mahali pake, linazungumza kupitia kwenye kadibodi.

"Bado," nasema. "Ni mistari ya chaki tu."

"Basi futa. Chaki si dhambi."

Nafuta kwa upindo wa gauni. Nachukua tepu, napima bila akiba, najiona kama namnyima mtu chakula. Nachora. Viatu vinapanda tena, vinatulia. Kitovu juu ya kitovu. Wamama wanataka kuanza, boksi linawazuia.

"Ngojeni. Mimi ndiye mshenga, na maswali sijamaliza. Bibi fundi, sogea." Nasogea, na kitu kutoka ndani ya kadibodi kinaibana ncha ya kidole changu, subana na yote. "Uzito wako?"

Namwambia ule ninaoutaja hospitali.

Kinabana zaidi.

"Niongeze kidogo?" nauliza.

"Sema ulio nao. Namba yangu ya kuachia naipanga kwa uzito wako. Ukinidanganya, siku ya kuanguka sitajua wakati wa kukuachia."

Natazama nyuma. Mtaa mzima umetega masikio, hata theluji imesimama hewani ili isikie. Nasema kilo zangu, kwa sauti ndogo. Kinalegea kidogo.

"Na ni mtelezi wa aina gani? Mpole, wa kati, au mkali?"

"Wa kati," nasema upesi.

Kinabana mpaka nasikia subana inalia.

"Sijawahi kuteleza!" napiga kelele. "Mara moja tu, bafuni, tena kwa makalio!"

Boksi linacheka. Linacheka mpaka pini zinagongana, mtaa nao unacheka, na mimi, fundi niliyeaibika mbele ya wateja, najikuta nacheka kuwashinda wote. Hakuna aliyenisimulia na hakuna niliyemsaidia. Kilikuwa kicheko changu mwenyewe, cha kwanza tangu baridi ianze.

"Kidole chukua," boksi linasema. "Hiki kikofia niachie. Nataka nijifunze kushika."

Drili anatokea kutoka kwa kinyozi, safari hii mwenyewe ananyoosha shingo. Nakata kipande cha utepe mwekundu wa mapambo ya mashela, namfunga kilemba. Anaingia, kilemba kinagusa, anasimama kama aliyesikia adhana. Matundu yanajipanga. Skrubu zinakuja mstari mmoja, kila moja inachovya mguu kwenye gundi, inasema bismillahi, inazama. Na sasa vigelegele vinatoka, vyote vilivyokuwa vimezuiliwa, kwa mkupuo, na kwa nguvu yake barabara inainuka upande mmoja.

Barabara ya Kumi na Mbili imekuwa mlima.

Naporomoka. Napita msikiti, napita soko, napita duka la mitumba la Norwei lililohamia hapo bila kuniaga. Wateja wangu wa zamani wamejipanga kando wakinionyesha magauni waliyopanuliwa. Mwisho wa mteremko Mbarouk amesimama na watu wake wa Jumapili, kikombe mkononi. Najaribu kusimama, sijui kusimama, nakumbuka sijafungwa kilemba. Nawapitia wote. Tunaanguka chungu nzima, na vifungio vyangu vinasema *ka! ka!* na kuniachia, mguu mmoja, na mwingine, salama.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mbarouk alikuwa jikoni, na harufu ya chai ya tangawizi ilikuwa imejaa nyumba. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza, sikupiga hata mswaki. Nikasoma namba iliyopigwa kisiginoni mwa kiatu, nikatandika tepu kati ya mistari yangu ya bluu. Nafasi ilizidi ile namba kwa vidole viwili. Akiba ya gauni, kamili.

"Mbona unacheka peke yako?" akauliza Mbarouk.

"Kunywa chai yako."

Nikafuta mistari, nikachora upya bila huruma, kisha nikamwomba afungue boksi. Pini zilikuwa ngumu, kila moja mahali pake tangu kiwandani, akazing'oa kwa koleo moja moja huku akinung'unika. Akainua kifungio cha kwanza, akakigeuza, akakileta karibu na macho.

Kinywani mwa kifungio, imebanwa barabara, ilikuwa subana yangu ya shaba.

Nikatazama kidole changu. Kilikuwa kitupu.

"Hii imeingiaje humu?" akauliza. Akaivuta kwa vidole, haikutoka. Akaivuta kwa koleo, haikutikisika. "Bibie, nakuuliza. Boksi nimelifungua sasa hivi mimi mwenyewe."

Jibu nililokuwa nalo mtu mzima asingelikubali kabla ya chai. Nikakipokea kifungio kwa mikono miwili, nikainama, nikakitajia kilo zangu. Za kweli.

*Ka!* Subana ikadondoka kiganjani mwangu, ya moto kidogo.

Mbarouk alikuwa amesikia ile namba. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, tabasamu linamchezea mdomoni.

"Kumbe!" akasema.

"Kumbe nini? Lete drili. Na umfunge kilemba kwanza."