Venisi Ndani ya Beseni

Mwishoni mwa Agosti, nyanya zikishaiva, nyumba yetu haina nafasi ya mgeni. Hata hivyo mwaka ule niliwapangisha chumba cha juu Bogna na Witek, maharusi kutoka Poland, kwa sababu walifika mlangoni jua limewachoma mpaka pua zinachubuka. Bogna aliwahi kufanya kazi Bari, mji wa huku kwetu Italia, mwaka mzima, kwa hiyo alijua lugha yetu na tulielewana.

Walikuwa wameizunguka Italia wiki tatu na kamera ya zamani, ile ya mkanda. Witek alifikiri sana kabla ya kubonyeza, hadi anayepigwa picha asinzie. Picha zilikusudiwa mama yake Bogna, ambaye miguu ilimkatalia safari. Aliwaambia wamletee Venisi, Pisa na Roma, naye atazitembea akiwa kitini. Mikanda mitano ilishajaa. Chumbani kulikuwa na joto, basi nikaitia kwenye chupa ya mdomo mpana, nikakaza kifuniko, nikaifunga kitambaa mwanga usiingie, nikaiweka ghalani kwenye ubaridi.

Kesho yake tulipika nyanya. Jemadari wa siku hiyo ni wifi yangu Cosima, tangu mama mkwe afariki. Kila chupa ya rojo hufungwa tambara isigongane na nyingine, hupangwa ndani ya pipa la maji, huchemshwa, kisha huachwa humo ipoe mpaka asubuhi.

Asubuhi tulipoanza kuzitoa, chupa moja iliibuka yenyewe ikaelea kama bata. Niliitambua kwa kitambaa chake, kipande cha shuka langu la harusi: ilikuwa ile chupa ya mikanda. Cosima akasema aliikuta ghalani imeshafungwa, akadhani nimeisahau, akanisaidia.

"Hukuona kwamba haina nyanya?" nikamuuliza.

"Ilikuwa imevaa shuka, Addolorata. Ulitaka niivue nguo?"

Witek alikaa juu ya kreti akasema joto lile limeiua mikanda yote. Bogna hakulia. Alichukua taulo akanisaidia kupangusa chupa zilizobaki, moja moja, akasema tu kwamba hajui atamwambia nini mama yake. Iliniuma kuliko kama angenigombeza. Basi lao lilikuwa la saa kumi alasiri.

Cosima hajaomba radhi tangu nimfahamu, miaka hamsini na miwili. Alitoweka kidogo, akarudi anakokota beseni kubwa la kufulia, akamuuliza Witek kama amebakiwa na mkanda. Ulikuwepo mmoja.

"Basi inuka, mwanangu. Tunakwenda Venisi kabla ya chakula."

Beseni tuliliweka lielee kwenye birika la kumwagilia shamba, Bogna akaketi ndani na gauni lake zuri. Jirani yetu Oronzo, mzee wa miaka sabini na minane, alisimama majini nyuma yake na ufito wa kupukutishia zeituni, akawa mpiga kasia wa mifereji ya Venisi. Mimi niliingia hadi magotini nikalishika beseni lisipinduke, na Witek akaniapia kwamba sitaonekana pichani. Pisa, mji wa mnara ulioinama, tuliipata kwenye nguzo ya umeme iliyoinama tangu Oronzo aigonge kwa trekta. Roma ndiyo ilitusumbua. Cosima akasema Roma ni kuta zisizokamilika, akatupeleka kwenye banda la kuku ambalo marehemu mume wangu alilianza akaliacha nusu.

Witek akafikiri, akafikiri.

"Bonyeza, bwana harusi," Oronzo akamwambia. "Nina umri wa kufa hapa hapa."

Barua ya Bogna ilikuja Desemba. Mikanda mitano ilitoka kijivu kama maji ya kufulia, isipokuwa picha moja ya njiwa. Wa sita ulitoka wote. Bogna alikusudia kumweleza mama yake ukweli, lakini mama alizitazama picha siku mbili na miwani, akacheka mpaka akakohoa, akauliza mambo mawili tu. Kwanza, tangu lini Warumi wanafuga kuku kwenye magofu. Pili, yule bibi aliyeinama majini kumshikia Bogna chombo asizame ni nani, na je, alipewa soksi kavu?

Nilipewa. Cosima alinikalisha jikoni, akanivua viatu kwa mikono yake, akanivalisha soksi zake za sufu.