Kelele za Vibao vya Kinubi

Tangu Orbin awekewe mashine za masikioni, kila nikishika kinubi yeye huinuka kwenda kupasua kuni. Kuni gani hizo, mwezi wa tano, baridi imeshakwisha? Tulikuwa nazo za kutosha hadi kiama.

Mume wangu aliharibiwa masikio na baruti za mgodi wa makaa ya mawe kabla hatujapata mtoto. Miaka yote hiyo, nikipiga alikuwa akikaa nami jikoni, kiganja ubavuni mwa kinubi ausikie mtetemo, anatabasamu. Nami nikajiona mpigaji! Sasa masikio yamefunguka, kitu cha kwanza anachokikimbia ni muziki wangu. Niliumia, sifichi. Kumbe nilipendwa na kiziwi tu.

Jumapili, tukila maharage na mkate wa mahindi, nikamwambia, "Kesho kinubi nampelekea Loretta, binti wa dada yako. Mimi basi."

Kijiko kikasimama hewani. "Kwa nini?"

"Si unakikimbia? Sema ukweli, mzee. Napiga vibaya."

"Nani kasema?"

"Shoka lako."

Akainamisha kichwa. "Delphia, usinirukie. Muziki wenyewe siupati. Nasikia ko, ko, ko, kama kuku anadonoa bati. Nikajua ndiyo upigaji wako, nikaona haya kukwambia."

Nilicheka mpaka mkate ukanipalia. Vibao! Kinubi chetu hiki cha milimani hukumbatiwa kifuani. Ukibonyeza kitufe, kibao kinashuka na kuzima nyuzi zisizotakiwa. Ukiachia, springi inakirudisha juu. Ncha za vibao huwekewa sufu zisigonge. Sufu yangu ilikwisha zamani, na mimi kelele zake nilishazizoea hata sizisikii.

"Mjinga wewe," nikamwambia. "Hiyo si mimi, ni mbao."

Nikakifungua pale pale mezani. Nikavitoa vibao na kuvipanga kwa mfuatano wake, maana ukikosea nafasi unabonyeza hiki kinalia kile. Springi moja ikaruka ikatumbukia kwenye maharage, Orbin akaivua kwa uma huku akinilaumu mimi.

"Na sufu tunaitoa wapi?" nikauliza.

Akaingia chumbani, akarudi na kofia yake ya sufu, ile ya kanisani na mazikoni.

"Orbin, si hiyo!"

"Nimezika watu wa kutosha," akasema, akaanza kukata ukingo kwa mkasi wangu. Ilibaki kama sufuria. Tukabandika vipande vidogo kwenye kila ncha, gundi ikakauka, nikarudisha kila kitu. Nikabonyeza vitufe vyote. Kimya. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nikaanza wimbo wa zamani wa kanisani. Hakuinuka. Lakini katikati akanyoosha mkono niache kupiga, na moyo ukanishuka.

"Kwani unaimba?" akauliza.

"Nani?"

"Wewe. Unaimba."

"Siku zote naimba, mzee. Kwa sauti ya chini."

"Midomo niliiona," akasema polepole. "Nilidhani unahesabu."

Akavuta kiti mpaka goti lake likagusa langu.

"Rudia," akasema. "Tangu ubeti wa kwanza."