Mistari ya Mlangoni

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, Rogath alikuwa anakwangua rangi ya kijani kwenye fremu ya mlango wa sebuleni, na mkewe Noela anachekecha mchanga uani. Nyumba waliyoinunua mtaa wa Maisaka ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imewazidi umri wote wawili, na waliamua kuikarabati wenyewe. Rogath alikuwa mwalimu wa hesabu, si fundi, lakini alikuwa na pimamaji mbili na hakuona fundi amemzidi nini. Kwa miezi minne walikuwa wamebadilisha bati na kupiga plasta vyumba vyote, na ni ukuta mmoja tu uliowaangukia.

Noela alikuwa na haja moja na nyumba hiyo. Miaka tisa walikuwa wamepanga kwa watu waliohesabu hata misumari ukutani. Sasa alitaka kumsimamisha mwanawe Ombeni, wa miaka mitano, kwenye mlango ulio wao, amchoree mstari juu ya kichwa, na kila mwaka amwongezee mwingine. Penseli ya seremala alishainunua.

Chini ya rangi ya kijani kulikuwa na mistari mitatu, na pembeni yake majina: Anjela, Remigius, Vailet. Rogath akaipiga msasa, akapaka vanishi. Jumamosi iliyofuata mistari ilikuwa imerudi, kila mmoja umepanda kidogo, na wa Vailet umepanda zaidi.

"Hao ni watoto wa Kandida," alisema jirani yao, Mama Twalha, aliyekuja kufuata ngazi yake. "Wako Mutuka, wamepanga chumba kimoja. Si wanakua?"

Akabeba ngazi akaenda zake.

Noela alimjua Kandida kwa jina, maana alikuwa amelichapa mwenyewe. Alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi mjini, na mwaka uliopita Amedeus, shemeji yake Kandida, alimletea muhtasari wa kikao cha ukoo cha kuuza nyumba ya marehemu kaka yake. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kikao kilikuwa Alhamisi. Hilo halikumshangaza Noela. Wateja wake wengi huja na muhtasari kabla ya kikao, ili siku yenyewe wasichelewe kula. Kwenye mahudhurio aliandika: Mjane, Kandida, amehudhuria, ameridhia. Kisha akauliza nyumba yenyewe iko mtaa gani.

Rogath hakuwa mtu wa kushindwa na fremu. Aliing'oa, akaweka mpya ya mninga. Kabla vanishi haijakauka mistari ikatokea, safi kuliko mwanzo, kwa kuwa mbao ilikuwa nzuri. Akaipima, akakuta hakuna uliopinda, akaiacha.

Jumapili baada ya ibada wakamsimamisha Ombeni mlangoni, na viatu wakamvua. Penseli haikuandika. Kalamu ya wino haikuandika. Rogath akakata alama kwa patasi, na mbao ikajaa tena taratibu mbele yao wote watatu.

"Nimekua?" Ombeni aliuliza.

"Umekua sana, baba," mama yake alimjibu. Kisha akaingia jikoni akalia, maana iliuma, na aliyeijenga nafasi hiyo kichwani kwa miaka tisa ana haki ya kulia.

Mwanzoni mwa Januari Kandida alipiga hodi; Mama Twalha, aliyemsindikiza hadi getini, akawatambulisha, akaenda zake.

"Karibu, Mama Anjela," alisema Noela.

"Asante, Mama Ombeni. Sikai. Watoto wako likizo kwa bibi yao huko Sigino, na fundi wa sare anataka urefu wao leo, shule zinafunguliwa. Nikasema nipite niangalie hapo mlangoni."

Noela akaleta futi kamba. Kandida akaishika chini, Noela akasoma juu. Anjela, sentimita mia moja hamsini na tisa. Remigius, mia moja arobaini na mbili. Vailet, mia moja ishirini na moja.

"Vailet kanikimbia," Kandida alisema huku akitabasamu. Kidole chake kikabaki kwenye mstari huo. "Siku ya kile kikao chao nilikuwa naye hospitali, ana nimonia. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba nilikuwepo."

Noela alikuwa na neno la kusema. Lilimfika mdomoni, na lilipotoka likawa ni kumkaribisha chai.

"Siku nyingine. Mmeitengeneza vizuri, hongereni." Kandida akatazama fremu juu mpaka chini. "Wenu mnampimia wapi?"

"Hapo hapashiki."

Kandida alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda stendi.

"Mpimieni kwenye kabati," alisema. "Wapangaji wenzangu wote wanafanya hivyo. Mkihama, mnahama nalo."

Akaaga, akafunga geti vizuri kama mtu anayejua komeo lake linavyogoma.

Jioni ile Noela alimsimamisha Ombeni kwenye kabati la chumbani na kuchora. Mstari ukashika mara moja, mweusi. Akafungua droo ya kabati hilo, akaiweka penseli juu ya nakala ya muhtasari wa kikao waliyokabidhiwa siku ya kununua nyumba, akaifunga. Rogath akaja na pimamaji, akaiegesha kwenye mstari. Povu likatulia katikati kabisa.

"Iko sawa," alisema, na wakarudi kupaka rangi chumba cha wageni.