Viza ya Fundi Keshokutwa

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye pasipoti tu. Mtaani, sokoni, hata msibani, watu walimwita Keshokutwa, naye aliitika. Alikuwa fundi seremala, na mikono yake hakuna aliyeitilia shaka. Kilichotiliwa shaka ni siku. Ukimpelekea kazi atakuambia kesho. Kesho ukienda atakuambia keshokutwa, na hiyo keshokutwa utamkuta ameinamia kabati la mtu mwingine, akupe na kiti umsubiri. Hakuwa mvivu wala tapeli. Hakujua kukataa kazi, na akishaishika hakujua kuiachia. Ubao ungepigwa msasa hadi uteleze, yeye angeona bado. Wateja walinung'unika, kisha wakarudi, maana kitanda chake hakikulia hata wakikilalia ndugu watatu.

Aliyeumia zaidi ni binti yake, na huyo ndiye ambaye hakuwahi kunung'unika. Kinyozi hajinyoi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akakulia karakanani, akifanya hesabu za shule kwenye vumbi la mbao na kuzungumza na mgongo wa baba yake. Alipochumbiwa, baba aliahidi kitanda cha harusi. Harusi ikaja, ikapita, maharusi wakavuka mpaka kwenda nchi jirani alikofanya kazi mume, wakaondoka na godoro na mashuka. Kitanda kikabaki kimeegemea ukuta wa karakana, hakina kichwa. Mpaka leo kipo pale pale.

Basi binti aliposhika mimba, baba akasema kwenye simu kwamba atamchongea mtoto kitanda, kile cha kubembea. Binti akajibu kwa upole, "Usijisumbue, baba. Tutanunua."

Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko matusi ya wateja wote aliowahi kuwachelewesha. Akajiapiza kwamba mara hii kitanda kitafika, na kitafika kabla ya mtoto.

Mkwe wake ndiye aliyehangaikia viza, kwa mtandao. Viza ya kutembelea ndugu ilitaka barua na mihuri ambayo ingechukua muda mrefu kuliko mimba yenyewe, kwa hiyo akamwombea ya utalii. Masharti yake alimsomea moja moja: unaingia mara moja tu, ukitoka imekufa hata kama siku zimebaki, uwe na tiketi ya kurudi, uonyeshe utakapolala, na kazi ni marufuku. Kulikuwa na mahali pa kujaza vivutio utakavyotembelea, na fomu ilikataa kuendelea pakiwa patupu. Mkwe akaandika maporomoko ya maji.

"Baba, ukiulizwa mpakani, wewe ni mtalii," akamsisitiza. "Usianze habari za mbao."

"Kusema uongo mimi siwezi, mwanangu."

"Si uongo. Utatalii huku kwetu."

Fundi akakubali, halafu akafanya kosa ambalo fundi yeyote angelifanya. Kitanda alikifunga vipande vipande ili kisisumbue kwenye buti la basi, na juu yake akaweka mfuko wa vifaa: msumeno, patasi, randa ya marehemu baba yake, nyundo, msasa, kopo la gundi. Kazi humaliziwa nyumbani kwa mwenyewe, ndivyo alivyofundishwa. Halikumpitia kichwani hata kidogo kwamba mfuko ule ni shauri.

Upande wa kwao hakukuwa na neno. Aligongewa muhuri wa kutoka, akashuka na abiria wenzake kutembea kwa miguu hadi ofisi ya upande wa pili, kila mtu na mzigo wake, basi likikaguliwa nyuma yao. Dirishani alikaa afisa uhamiaji, mwanamke wa umri wa binti yake, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo, mzee. Unakuja kufanya nini?"

"Marahaba. Kutalii."

Afisa akainuka kidogo, akachungulia chini. "Mtalii gani anatembea na msumeno?"

Foleni ikacheka. Fundi, ambaye uongo ulimshinda tangu utotoni, akafungua moyo na mfuko kwa pamoja. Akaeleza habari za binti, za mimba iliyotimia, za kitanda atakachokiunga akifika. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo ni jambo la kumshukuru, maana foleni ilikuwa imeacha kucheka.

"Mzee, viza hii inakataza kazi, ya malipo na isiyo na malipo. Kuunga kitanda ni kazi."

"Cha mjukuu wangu?"

"Haikutaja mjukuu. Nisikilize. Mwaka jana nilimpitisha mtalii na mfuko kama huu. Wakamkuta juu ya paa la hoteli anapiga mabati, na barua ya onyo nikapewa mimi. Vifaa havipiti."

"Na kitanda?"

"Kitanda ni zawadi, zawadi inapita. Lakini hapa sioni kitanda. Naona mbao."

Fundi akasimama akifikiri, kidevu mkononi. "Kwa hiyo kikiwa kimeshaungwa?"

"Kikiwa kimeungwa sina neno. Ila si ndani ya ofisi yangu."

"Pale nje, kati ya mageti mawili, ni nchi ya nani?"

"Pale ni barabara, mzee," afisa akasema, akaita anayefuata.

Fundi akatoka na mbao na mfuko wake hadi ukingoni mwa barabara, akatandaza shuka, akapiga magoti. Madereva wa malori waliokuwa wakisubiri mihuri wakasogea kutazama, kila mmoja na ushauri wake, maana penye fundi mmoja hawakosekani mafundi kumi wa mdomo. Yeye hakuwajibu. Ulimi wa ubao huu ukaingia tundu la ule, gundi ikapita, nyundo ikagonga kidogo kidogo. Upande wa kwanza ulikwisha upesi. Kwenye wa pili mkono ukaanza mazoea yake, ukaona mguu mmoja una kijinundu, ukaufuata msasa. Akaukamata mkono huo kwa mkono wa pili na kuurudisha kwenye kazi.

Kondakta wa basi akaja mbio. "Mzee, wenzako wote wamegongewa. Tunaondoka."

"Gundi haijashika."

"Piga misumari twende."

Nyundo ilikuwepo, na misumari mmoja wa madereva alishaitoa kwenye lori lake. Fundi aliitazama. Akiipigilia, angepanda basi lile na kufika usiku uleule, pengine mtoto bado hajazaliwa, na ahadi ingekuwa imetimia. Ila mbao zile nyembamba zingepasuka, kama si leo ni baada ya miezi mitatu, na mtoto amelala ndani. Kitanda kingefika, na kingekuwa ahadi nyingine iliyoegemezwa ukutani.

"Nendeni," akasema.

Kondakta akatikisa kichwa, akamshushia begi la nguo. Basi likaondoka. Fundi alilisindikiza kwa macho mpaka kona, na ukweli ni kwamba machozi yalimlengalenga, akasingizia vumbi.

Aliyemfaa ni mwanamke mmoja mchukuzi, Mama Toroli, anayeshinda akivusha mizigo ya watu kwa kibali cha wakazi wa mpakani, ambao hupita huku na huku bila viza. Alileta kamba, wakakifunga kitanda kikakaa kimebanwa hadi gundi ishike. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, fundi akafungua kamba, akakisukuma kwa kidole. Kikabembea bila kutoa sauti. Vikabaki vifaa, na vifaa vile hakuwahi kumwazima mtu, hata kaka yake wa tumbo moja.

"Nitakuwekea stoo kwangu, upande wenu," Mama Toroli akasema. "Ukirudi utavikuta."

"Kweli nitavikuta?"

"Baba, mimi si fundi. Nikisema utavikuta, utavikuta."

Fundi akampa mfuko. Kisha akaingia ofisini amekibeba kitanda kichwani, na afisa yule yule akatoka nyuma ya dirisha, akakizunguka, akakigusa, akakiacha kibembee.

"Kabati la nguo unaweza kunichongea, mzee? Utakuwa huku wiki nzima."

Fundi hakujua kama ni mtego au ni shida ya kabati. Alichojua ni kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumkatalia mtu kazi, na kwamba neno lile lilimtoka zito.

"Hapana, mwanangu. Viza yangu hairuhusu."

Afisa akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akagonga muhuri.

Simu ililia akiwa amekaa kituoni, akisubiri basi la usiku. Ujumbe wa mkwe ulikuwa mfupi: mtoto wa kike, mama na mwana wazima, amezaliwa jioni hii. Fundi akamshukuru Mungu, kisha akakitazama kitanda kando yake. Amechelewa tena. Alifurahi na kuona aibu kwa pamoja, na basi lilipokuja bado hakuwa ameweza kuvitenganisha.

Alifika kesho yake mchana. Binti alikuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo, ameketi kitandani, mtoto amezungushiwa mito miwili ili asidondoke. Kitanda cha kubembea kilikataa kupita mlangoni mpaka mkwe aliposhika upande mmoja wakakilaza ubavu. Binti akakitazama. Akanyoosha mkono, akakisukuma, akategea sikio.

"Kimekwisha?"

"Kimekwisha."

"Hakuna cha kurudi kumalizia?"

"Hata nikitaka, sina nyundo." Akawasimulia yote, msumeno, geti, gundi, Mama Toroli, na binti akacheka huku ameshika tumbo, akimwomba anyamaze kwa sababu kucheka kunamuuma.

Jioni walipokaa mezani, meza iliyumba. Fundi aliinama papo hapo kuutazama mguu, na mkono wake ukaenda kiunoni, mahali pa bisibisi. Hapakuwa na kitu.

"Nyundo ninayo, baba," mkwe akasema. "Nikuletee?"

"Usimletee," binti akasema. "Amekatazwa kazi." Akanyanyuka polepole, akamtoa mtoto kwenye kitanda chake kipya, akasimama mbele ya baba yake. "Maisha yangu yote nimeongea na mgongo wako, baba. Nilikuwa naujua kuliko uso. Leo kaa tu."

Fundi aliifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi, akampokea mtoto. Mikono ile iliyozoea kushika vitu vinavyosubiri haikujua pa kuanzia, binti akamwonyesha: mkono mmoja chini ya kichwa, mwingine huku. Mtoto akakunja uso, akaendelea kulala. Meza ikabaki inayumba, na chakula kikapoa.

"Kesho nikupeleke kwenye maporomoko," mkwe akasema mwishowe. "Tuliyaandika kwenye fomu, wasije wakakuuliza ukirudi."

"Keshokutwa," fundi akajibu, bila kuinua macho.