Tafsiri ya Babu Kamusi

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza hata punje ya chumvi, meno yangu mawili yaliyobaki yang'oke leo hii.

Mwenye jengo alituandikia barua kwa Kiingereza. Chumba cha chini kiko wazi. Kamati ya wapangaji imchague wa kuhamia kwa kura zote tatu. Zisipotimia, chumba kinakwenda kwa mpangaji wa siku nyingi kuliko wote. Na sharti: mjumbe mwenye "self-interest" asipige kura.

Mwombaji alikuwa mmoja, mkunga mstaafu, jirani yangu wa ghorofa ya nne. Nyonga yake iliwahi kuvunjika, na daktari kamwonya kwamba akianguka tena kwenye zile ngazi, hatainuka.

Mpangaji wa siku nyingi kuliko wote ni mimi.

Tulikutana sebuleni kwangu alasiri: fundi cherehani, ambaye ni mwenyekiti, kinyozi, na mimi. Wananiita Babu Kamusi kwa kuwa Kiingereza nilijifundisha mwenyewe. Kila barua naitafsiri kwa sauti, kisha natia sahihi.

"Hilo neno la mwisho maana yake nini?" fundi akauliza.

Nikakohoa. "Ni kupendelea ndugu. Kama mwombaji ni mwanao, au shemeji yako, usipige kura."

"Mbona naona selfi hapo?" Kinyozi aliikodolea macho barua. "Selfi si mtu kujipiga picha mwenyewe?"

"Hicho Kiingereza cha simu, kijana wangu. Hiki cha ofisi."

"Na mtu akijipendelea mwenyewe?"

"Hilo lina neno lake. Refu sana."

Nikatia sahihi. Kalamu nikairudisha mfukoni upesi.

Ndipo tukasikia fimbo ngazini. Ko. Kimya. Ko. Mkunga alikuwa anarudi kutoka kliniki, yuko kama ghorofa ya pili.

"Tupige kura kabla hajafika, tumpokee na habari njema," fundi akasema. Akainua mkono. Kinyozi akainua wake. Mimi nikabaki nimeukalia wangu.

"Babu?"

"Namwonea huruma. Kile chumba kina unyevu. Kifua chake je?"

Ko. Halafu kimya kirefu mno. Kinyozi alikwenda mlangoni akachungulia. "Kashika ukuta," akanong'ona.

Fundi alikuwa anatazama dirisha langu. Akachomoa futi yake shingoni, akalipima bila kuomba ruhusa, kisha akamgeukia mke wangu aliyekuwa analeta chai.

"Shemeji, pazia ulizoniagiza juzi ni za upana wa futi sita. Hili ni futi tatu. Jengo hili dirisha la futi sita lipo moja tu, na liko chini."

Mke wangu akanitazama. "Kwani hujawaambia kwamba tunahama?"

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini tulikuwa ghorofani, ningemwangukia mtu.

"Sitakufukuza kwenye kamati," fundi akasema taratibu. "Utatafsiri upya. Mbele yake."

Mkunga aliingia jasho likimtoka, akaketi kwenye kiti nilichomwachia. Nikasimama kama mtoto aliyevunja sahani.

"Neno lile ni mtu kutafuta faida yake mwenyewe," nikasema. "Nilikuwa nalo mimi. Nilikitaka chumba chako, Mama. Nilisema uongo, nikatia sahihi. Sasa kura yangu haihesabiki."

"Haihesabiki, basi zitatimia vipi tatu?" kinyozi akauliza.

"Mwenye nalo haruhusiwi, hahesabiwi," nikajibu. "Waliobaki wakikubaliana, yatosha. Hii nayo natia sahihi."

Fundi na kinyozi wakainua mikono tena, mkunga akaweka fimbo yake magotini. "Na kabati langu atalishusha nani?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote walinitazama mimi.

Kwa hiyo nililishusha, ghorofa nne, kinyozi kashika mguu mmoja kwa heshima tu. Mkunga alinifuata nyuma polepole, akinihimiza kwa sauti ya kazi yake ya zamani:

"Pumua, baba! Usisukume bado! Kichwa kinatoka!"