Utepe Mwekundu wa Mgeni Rasmi

Siku mtu mwenye bunduki alipomimina risasi kwenye uzinduzi wa soko jipya, mimi ndiye niliyekuwa mlangoni na tepe. Kazi ya muuguzi wa mlangoni ni rahisi kueleza. Utepe mwekundu: huyu anakufa, aingie upasuaji sasa hivi. Wa njano: anaweza kusubiri. Wa kijani: akae kwenye benchi na anyamaze. Chumba cha upasuaji tunacho kimoja. Maadili ya kazi nayo tunayo, yamewekewa fremu nzuri ukutani, mahali ambapo mlango ukifunguliwa unayaziba.

Kabla ya saa saba mchana walikuwa wameletwa ishirini na wawili. Aliyepigwa tumboni aliingia upasuaji kwanza. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Mama Fundi, mshona nguo wa sokoni. Risasi ilikuwa imepasua mshipa mkubwa wa paja, na msamaria mmoja alikuwa ameubana mguu kwa mkanda wa suruali. Nikamfunga utepe mwekundu. Mguu ulikuwa umeanza kupoa.

Ndipo akaletwa mgeni rasmi. Risasi haikumgusa hata kidogo. Katika kukimbia aliangukia kiti, kikavunjika, na kijiti kikamwingia kwenye kalio. Nikampa kijani.

"Wewe binti, unanijua mimi?"

Nikamjibu kwamba namjua, na benchi ni lile pale. Kukaa, bila shaka, hakuweza.

Mkurugenzi wa hospitali akaja mbio, tai imerukia begani. Akaukata utepe wa kijani na kufunga mwekundu kwa mikono yake mwenyewe, ambayo haijagusa mgonjwa miaka kumi.

"Mheshimiwa ndiye anayefuata. Ila apigwe picha kwanza, tusije tukalaumiwa."

"Mkurugenzi, mguu wa huyu mama unakufa."

"Sista, kazi umeichoka?"

Mwenye nguvu mpishe, wanasema, nami nikapisha. Aliyepigwa tumboni akatolewa, chumba cha upasuaji kikawa tupu, daktari kanawa na kuinua mikono juu, tukisubiri kalio lipigwe picha ya eksirei. Dakika arobaini. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini hiyo mpaka leo sijapata mahali pa kuiweka. Mama Fundi hakulia. Aliniuliza tu, "Sista, foleni inasonga?"

Hapo hasira ikanipanda, nikakumbuka nilichofundishwa: mwenye utepe mwekundu ana taratibu zake, wala hazichagui cheo. Picha ziliporudi nikachukua mkasi mkubwa.

"Mheshimiwa, wewe ni mwekundu. Nguo zote zinakatwa."

Mkasi ukapanda kutoka pindo la suruali hadi kwenye kola ya suti. Waandishi wa habari walikuwa wamebandika kamera dirishani, kwa hiyo nilivuta pazia, maana maadili nimeyasoma. Pazia letu ni fupi.

"Na hicho ni nini?" akauliza.

"Mpira wa mkojo. Unapita huku mbele."

"Mbele wapi?"

Nikamwonyesha. Kalio likapona papo hapo. Mgeni rasmi aliruka kutoka kitandani akiung'ata ule utepe ukatike. "Mimi ni kijani! Nipe kijani!" Mkurugenzi alipopata sauti, Mama Fundi alikuwa ameshasukumwa ndani.

Jioni daktari akatoka. "Roho tumeiwahi," akasema. "Mguu hatukuuwahi."

Kesho yake Mama Fundi akapapasa shuka pale lilipolala bapa. "Cherehani yangu ni ya kukanyaga," akasema. Nikamweleza habari za zile dakika arobaini, zote, pamoja na nilivyonyamaza. Hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana.

Nikiwa bado nimekaa pale, mkurugenzi akaingia anatabasamu, na mfuko mkononi. Ndani mlikuwa na ile suti.

"Mheshimiwa amesamehe yaliyotokea," akasema. "Amesikia wodini kuna fundi. Anaomba ishonwe mapema, aivae siku ya kuja kuwapa pole majeruhi."

Mama Fundi akaitandaza juu ya shuka, pale mguu ulipotakiwa kuwa. Akapitisha kidole kwenye mkato, taratibu, kutoka pindo hadi kola.

"Nani kakata?"

"Mimi, mama."

"Umenyoosha." Kisha akamgeukia mkurugenzi. "Nitaishona. Ila ipigwe picha kwanza, tusije tukalaumiwa."