Meneja Hayupo Kazini

Baba yangu haongei na mimi. Anaongea na paka, na paka ndiye anayetakiwa kunifikishia. Tumeishi hivyo mwaka mmoja na miezi minne, katika nyumba moja, karakana moja na choo kimoja, na mtu akiniuliza baba anaendeleaje ninamwambia akamuulize Meneja.

Meneja ndiye paka. Jina nilimpa mimi, kwa sababu anaingia kazini saa anayotaka, anakula kabla ya watu, analala juu ya kazi ya wengine, na akiamka anatutazama kana kwamba tunamchelewesha. Ana rangi ya majivu, tumbo la mstaafu, na sikio moja lililochanika katika ugomvi ambao naamini yeye ndiye aliyeuanza. Sijawahi kumpenda. Hilo naliweka wazi mapema, mtu asije akanionea huruma huko mbele.

Sisi ni mafundi wa makochi. Baba alinifundisha kazi kwa sindano ile ndefu iliyopinda, na uzi mweusi anaoupaka nta mpaka unang'aa. Kwake yeye kochi lisiloshonwa kwa mkono, kuanzia mgongoni hadi kile kitambaa cheusi cha chini ambacho mteja hatakiona maisha yake yote, ni sanduku la mbao lililovalishwa nguo. Nilivumilia miaka ishirini. Kisha nikanunua mashine ya stepla, ile ya kutumia upepo. Inafunga kitambaa cha chini kwa dakika nne, kazi iliyokuwa ikinila asubuhi nzima nimepiga magoti kama niliyekosea ukweni. Siku nilipoijaribu, baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Akasikiliza ile pa-pa-pa mpaka ikaisha.

"Kochi linashonwa," akasema. "Halipigwi risasi."

Hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwangu. Kesho yake asubuhi nikamsikia akisema, "Meneja, mwambie huyo mkono wa kushoto umezidi wa kulia nusu inchi."

Nikapima. Ulikuwa umezidi. Basi nami nikasema, "Meneja, mwambie mzee nimesikia, na chai yake inapoa."

Tangu hapo mambo yakaenda. Paka alikuwa tarishi wa hovyo. Alijilamba mguu katikati ya ujumbe, na mara nyingine aliondoka nao, akaenda kulala nao juu ya sponji. Hata hivyo ujumbe ulifika. Tuligombana kupitia kwake, tukapatana kupitia kwake, na mara moja baba alimwomba amuulize "huyo" kama kile kikohozi chake kimepungua. Nikamwambia Meneja kimepungua. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa kidogo peke yangu, kwa sababu tangu mama afariki hakuna mtu mwingine anayeuliza.

Jambo ambalo hata kupitia kwa paka halikupita ni macho ya baba. Yalikuwa yanaingia ukungu. Nilimwona siku moja akilisalimia koti langu lililotundikwa nyuma ya mlango. Akasubiri liitikie, lilipokosa kuitikia akaondoka akinung'unika kwamba watu wa siku hizi hawana adabu. Nilimtuma Meneja na habari ya daktari wa macho. Meneja akarudi na jibu kwamba huyo aangalie macho yake mwenyewe. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini baba yangu hata kifo angekidhania koti.

Jumatatu nilimaliza kochi la daktari wa meno, la watu watatu, kwa ajili ya chumba chake cha kusubiria. Nilipiga stepla za mwisho chini yake, nikamwambia Meneja amwambie mzee alinde karakana, nikaenda kutafuta pikapu. Dereva wa pikapu ni mtu anayesema "nimeshafika hapo" akiwa bado anaoga, kwa hiyo nilirudi baada ya saa mbili na nusu. Nilimkuta baba kwenye kiti chake, anahema, jasho linamtoka. Nikadhani ni jua.

Tulipolinyanyua kochi dereva aliguna. "Zito hili."

"Kochi zuri huwa zito," nikamwambia, na nilijisikia vizuri kusema hivyo.

Tukalipeleka mtaa wa tatu, daktari akalikalia, akarukaruka kidogo kama mtoto, akaridhika. Jioni Meneja hakuja kula.

Siku ya kwanza paka akikosa chakula cha jioni, mtu husema ana mambo yake. Siku ya pili mambo yake yakawa mambo yetu. Baba aliamka akaweka mifupa ya samaki kwenye kile kibakuli, akasimama nacho mlangoni, akaita. Sauti ile sijawahi kuitwa nayo mimi. Akaita mpaka majirani wakafunga madirisha. Mimi nilipanda juu ya mapaa matatu. Nilikwenda kwa mwenye bucha nikamuuliza maswali ambayo yalimfanya aape kwa mama yake. Nilichungulia mitaro, nikamtukana Meneja kwenye kila mtaro, matusi ambayo sitayaandika hapa kwa sababu baba yangu bado yu hai.

Paka akiondoka panya hutawala, lakini kwetu hata panya walionekana kama wamefiwa. Nyumba ilinyamaza kabisa. Wakati wa chakula cha mchana baba alionja mboga, uso ukajikunja, akageuka pale ambapo paka hukaa, akafungua mdomo. Pale palikuwa na birika. Akalitazama birika kwa muda, akafunga mdomo. Chumvi ilikuwa imezidi, nilijua, na hapakuwa na mtu wa kuniambia.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kama yule paka amekufa, baba hana tena wa kuongea naye, na mimi sina tena baba. Tutabaki watu wawili wanaopishana na sufuria hadi mmoja amzike mwenzake. Nikajikaza nikasema, moja kwa moja, bila tarishi, "Baba, atarudi." Aligeukia ukuta. Usiku ule hakula.

Jumatano asubuhi daktari wa meno akapiga simu.

"Fundi," akasema kwa sauti ya upole sana, ile wanayotumia kabla ya kukung'oa jino. "Kochi lako linalia."

"Linalia vipi?"

"Linalia. Jana nilisikia, nikadhani ni wagonjwa. Wagonjwa wangu hulia, ni kawaida. Lakini leo nimefungua mlango mapema, hakuna mgonjwa, na kochi linalia."

Sikumbuki kama nilikata simu. Nilikuwa nimekwishaelewa. Nilijiona mimi na mashine yangu, pa-pa-pa, dakika nne, nimemfunga kiumbe hai ndani ya kochi kwa sababu ya haraka. "Baba," nikasema, "Meneja amepatikana. Yuko hai." Sikutaja wapi. Alisimama kabla sijamaliza, akavaa viatu, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, akatangulia barabarani akiwa hajui tunakwenda wapi. Nilimkimbilia nikamshika mkono. Hakuutoa.

Tulikuta mgonjwa mmoja kwenye chumba cha kusubiria, bwana mwenye shavu lililovimba, amesimama amejibanza ukutani. Alikuwa ameshadungwa ganzi, akaja kukaa kwenye kochi kusubiri ikolee, na kochi likamkwaruza kwa chini. Sasa mdomo ulikuwa umelala nusu, kwa hiyo alikuwa anatueleza mkasa wote kwa irabu tupu, akionyesha kochi, kisha akionyesha suruali yake. Kutoka ndani ya kochi ikatoka sauti ya kukwaruza, kisha mlio mmoja wa kukemea. Baba aliushika ukuta.

"Yuko ndani," akasema. Hakumwambia mtu yeyote hasa.

Mimi na daktari tukalipindua kochi, miguu juu. Nikapiga magoti na koleo langu tayari kung'oa stepla. Hapakuwa na stepla.

Palikuwa na uzi. Uzi mweusi uliopakwa nta, umeshonwa kwa mkono kuzunguka kochi zima. Upande wa kwanza mishono ilikuwa midogo, imelingana, ile ile niliyofundishwa nikiwa na miaka kumi na miwili na nikashindwa kuiweza. Kwenye kona ya pili ikaanza kuyumba. Upande wa tatu ilipanda, ikashuka, ikarudia tundu lile lile mara mbili, ikaruka sehemu kubwa, ikashika hewa. Mtu aliyeshona pale alikuwa anapapasa.

Zile saa mbili na nusu. Alikuwa amelilaza kochi peke yake, akang'oa stepla zangu moja moja, akashona upya, akalisimamisha, akarudi kwenye kiti chake na jasho lake. Na Meneja, ambaye hajawahi kuona shimo akaacha kulifanya ofisi, aliingia wakati mzee anatafuta sindano. Kisha nikafikiria makochi mengine. Mwaka mmoja na miezi minne, na hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kulalamika kwamba kitambaa cha chini kimelegea. Nilikuwa nikiisifia mashine.

Baba alikuwa nyuma yangu. "Vipi?" akauliza. "Mbona kimya?"

Mkono wa kulia nikauingiza mfukoni nikatoa wembe. Nikaanza kukata ule uzi, polepole, bila sauti. Kwa mkono wa kushoto nikachukua koleo, nikawa nalifungua na kulifunga hewani. Ka. Ka. Ka.

"Stepla hizi," nikasema kwa sauti kubwa. "Nilizipiga nyingi mno. Kichwa changu hiki."

Daktari aliinama, akatazama mkono wangu mmoja, akatazama na wa pili. "Lakini hapo hakuna..." akaanza. Nilimkata jicho mpaka akajikuta anafuta miwani yake. Yule bwana mwenye ganzi naye aliona, akasema irabu mbili, akanyamaza. Namshukuru hadi leo.

Kitambaa kikafunguka, na Meneja akatoka kwa mwendo wa mtu aliyetoka kwenye mkutano mrefu usio na maana. Alikuwa na vumbi, utando wa buibui kwenye masharubu, na hakuwa na shukrani hata chembe. Aliingia moja kwa moja chumba cha matibabu, akapanda kwenye kile kiti, akanywa maji yote ya kusukutulia ya bwana yule. Alipomaliza akarudi, akajisugua kwenye kiatu cha baba, kile cha kushoto kilichokuwa mguu wa kulia.

Baba akamwinua. Akaufukia uso wake kwenye yale manyoya machafu akalia, mzee mzima, mbele ya watu, bila kujificha. Na mimi nililia. Nilimpenda yule paka wakati ule kwa kiasi ambacho kinaniaibisha.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Niliharakisha. Sikuangalia ndani kabla ya kufunga."

Vidole vyake vilikuwa vinampapasa Meneja, shingoni, mbavuni, vikihakikisha hakuna kilichovunjika, na chini ya tumbo vikasimama. Vilikuwa vimekuta kitu. Alikitoa manyoyani, kipande cha uzi kisichozidi urefu wa kiganja, akakisokota kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Akakisokota tena. Fundi anayeupaka uzi nta miaka arobaini hahitaji macho kuujua. Nilitazama uso wake ukibadilika, na koleo langu likanielemea mkononi, nikaliweka chini.

"Sasa fundi," daktari akasema, "na kochi langu?"

"Nitakuja na mashine," nikamwambia. "Ni kazi ya dakika nne."

Baba alimkabidhi Meneja kwa yule bwana mwenye ganzi, ambaye alimpokea kwa mikono miwili kama amepewa mtoto wa kushika. Akasogea hadi kwenye kochi. Akashuka magotini kwa taabu, goti moja kisha la pili, hadi akawa pembeni yangu, bega kwa bega. Akapitisha kiganja juu ya mbao, akafuata mishono yake mwenyewe kuanzia ile iliyolingana hadi kule ilikopotea, na pale ilipoishia akakaa hapo na mkono wake.

"Sikumwona," akasema. "Alikuwa humu ndani, mbele ya uso wangu, na sikumwona."

Kisha akaingiza vidole chini ya ukosi wa shati lake, akatoa sindano iliyopinda na uzi uliozungushwa juu yake. Akaninyooshea mimi.

"Nitungie, mwanangu," akasema. "Tundu silioni. Muda mrefu sasa silioni."

Nilipokea sindano, nikalowesha ncha ya uzi kwa ulimi kama alivyonifundisha. Nililikosa tundu mara tatu, kwa sababu wakati ule hata mimi nilikuwa silioni, na baba akasubiri.